Asidi badala ya antibayotiki kwa kuku: mwongozo kamili kwa sie wa Tanga na maji yetu ya chokaa

Habari zenu wafugaji. Swali linalorudi kila mara ni hili, eti mtu anaweza kufuga broila au kuku wa mayai bila kumwaga OTC (ile antibayotiki ya oksitetrasaikilini) kwenye maji kila baada ya muda? Anaweza. Moja ya vitu vinavyosaidia ni hizi asidi oganiki, yaani siki, ndimu ya unga, asidi ya kwenye mtindi, na zile za dukani kama fomiki na propioniki. Ila kuna jambo wauzaji hawalisemi na kwetu huku ndio kubwa kuliko yote. Tanga tumekaa juu ya chokaa. Mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa, kiwanda cha saruji kiko Pongwe kwa sababu chokaa iko hapohapo, na visima vyetu vingi vinatoa maji magumu, ukichemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe. Sasa chokaa na asidi zikikutana zinamalizana. Mtu ananunua asidi ya bei, anaweka kwenye maji ya kisima au kwenye chakula kilichojaa chokaa, kuku hapati kitu, afu anasema asidi ni utapeli.

Kwaiyo mwongozo huu utazunguka sana kwenye maji na chokaa, mnivumilie.

Tunaacha nini hasa

Tuelewane kwanza. Sisemi uache kutibu kuku mgonjwa. Ninachosema tuache ni ile antibayotiki ya "kinga", ya wiki ya kwanza bila ugonjwa wowote, ya "kuongeza mayai", ya kila wakibadilishiwa chakula. Sweden waliacha antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote wakafunga kuanzia Januari 1, 2006, Marekani nao 2017 wakazuia zile muhimu kwa binadamu zisitumike kunenepesha. Na sie Tanzania tulikuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa wa 2017 hadi 2022 ambao uligusa mifugo pia. Sababu inajulikana, bakteria wa kuku wakizoea dawa wanazoea kweli, na wengine wanahamia kwa mtu anayewashika, anayewachinja na anayekula mayai yao.

Ulaya walivyofunga walipata shida mwanzoni, hasa ule ugonjwa wa utumbo wa broila unaoletwa na bakteria wa klostridia. Walichojifunza ni kwamba hakuna kitu kimoja kinachoziba pengo la antibayotiki. Usafi, chanjo, maji, chakula, na asidi ikiwa mojawapo. Mtu akikwambia chupa yake peke yake inatosha mwache aende zake, hao ndio wale waja leo waondoka leo.

Asidi inafanyaje kazi

Nitaeleza kwa kirefu kidogo maana ukielewa hapa hutadanganywa. Asidi hizi ni dhaifu, zikiwa kwenye maji molekuli zingine zinakuwa zimevunjika na zingine bado nzima. Ile nzima ndio yenye kazi kwasababu inapenya ukuta wa bakteria. Ikishaingia ndani inakuta hali si ya asidi, inavunjika humohumo, bakteria anaanza kutumia nguvu zake zote kusukuma ile asidi nje mpaka anachoka, hazaliani na mwisho anakufa. Salmonela na E. koli wanaumia sana, wakati laktobasilasi ambao ni wazuri wanavumilia mazingira ya asidi, kwaiyo unakuwa umewapa wale wazuri nafasi.

Sasa kiasi gani kinabaki kizima kinategemea pH, yaani kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi. Siki na propioniki kwenye pH ya 4.8 hivi nusu inakuwa nzima nusu imevunjika. Ikipanda mpaka 6 inabaki nzima chini ya sehemu moja kati ya kumi. Ndani ya kuku, gole lina pH ya kama 4.5 mpaka 6, firigisi 2 mpaka 3.5, halafu utumbo mwembamba unapanda 6 mpaka 7. Maana yake asidi ya kawaida inafanya kazi kwenye chakula chenyewe, kwenye maji, kwenye gole na tumboni, ikifika utumboni imeshaisha nguvu. Ndio maana wametengeneza za kuzungushiwa mafuta, kama butireti, ili zifunguke kule chini. Butireti ina faida nyingine kwamba seli za utumbo zinaitumia kama chakula chao, vile vinyweleo vya ndani ya utumbo vinakua virefu na kuku ananyonya lishe vizuri.

Visichoweza kutibiwa na asidi: mdondo, Gumboro, ndui, koksi (koksidiosisi) ya kuhara damu, wala taifodi ya kuku ikishaingia bandani. Mdondo na Gumboro ni virusi, hapo ni chanjo tu.

Hatua ya 1: weka sawa msingi

Hapa napita haraka maana mnajua. Maranda makavu, banda lipite upepo (joto la kaskazi hapa mjini linaua kuku kuliko magonjwa mengi), vyombo vya maji vinasuguliwa kila siku na sio kusuuzwa tu, chanjo kwa ratiba. Chanjo ya mdondo ya I-2 inatengenezwa hapahapa nchini na TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, kule Kibaha, inavumilia joto kuliko zingine na kuku anarudiwa kila miezi mitatu au minne. Kama hivi havipo usinunue asidi, nunua hivi kwanza.

Hatua ya 2: pima maji, hapa usiruke

Utahitaji ndoo ya lita 20, karatasi za kupimia pH (sio zile za rangi mbili tu, tafuta zinazosoma kuanzia 2 au 3 mpaka 7 kwa nusu nusu), mizani ndogo ya dijitali inayopima gramu, na ndimu ya unga, hii hii ya kwenye urojo, ndio asidi ya sitriki.

Jaza ndoo maji yaleyale wanayokunywa kuku. Pima pH uandike. Pima gramu 3 za ndimu, yeyusha kwenye glasi, mimina, koroga, subiri dakika tano, pima tena. Endelea hivyo gramu 3 kwa gramu 3 mpaka ifike kati ya 4 na 4.5. Andika jumla ya gramu ulizotumia, hiyo ndio namba yako, ya jirani haikusaidii hata kama mmepakana ukuta.

Utakachoona ni hivi. Maji laini, mfano ya mto usio na chokaa nyingi, gramu 4 au 5 kwa ndoo zinaweza kutosha. Maji ya kisima magumu sana utakwenda gramu 15 mpaka 20 ndio yakubali. Tofauti ya mara nne! Na ndio maana kale kakijiko kamoja kwa ndoo ambako watu wanaelekezana kanafanya kazi kwa mmoja na kwa mwingine hakafanyi lolote. Ya bomba ya hapa mjini asili yake ni bwawa la Mabayani mto Sigi, nayo pima mwenyewe usiamini mtu, na jua yana klorini, hilo ntalirudia.

Maji ya mvua yana mtego wake. Hayana chokaa ya kushindana na asidi, gramu 2 tu kwenye ndoo pH inaanguka chini ya 4. Ukiona hivyo unadhani umemaliza, kumbe asidi yenyewe iliyomo ni kidogo sana, na ukiongeza kuku wanayagomea kwa ukali. Kama unavuna mvua masika, changanya nusu kwa nusu na ya kisima halafu upime upya, yanakuwa rahisi kuyaongoza.

Usishuke chini ya 3.8 hivi kwa maji ya kila siku. Kuku akipunguza kunywa anapunguza kula, na kwa joto letu hiyo ni hasara ya siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: chagua asidi kwa kazi yake

Ndimu ya unga inashusha pH vizuri na kwa bei nafuu ila yenyewe haipenyi bakteria sana. Siki, propioniki na fomiki zinapenya. Kwaiyo kwa maji magumu, mtindo mzuri ni kutanguliza ndimu mpaka pH ifike kama 5, halafu unamalizia na siki ya asilimia 5, mililita 5 mpaka 10 kwa kila lita. Ndimu inalipa deni la chokaa na siki inabaki kufanya kazi. Ukitumia siki peke yake kwenye maji magumu, mililita 10 kwa lita inaweza kukuacha bado pH ya 5 na kitu, umetumia hela na hujafika.

Siki ya tembo la mnazi inafaa kama imeiva kweli, ila nguvu yake haitabiriki, kila dumu lina yake, kwaiyo kila dumu lipimwe upya kwenye ndoo. Siki ya dukani soma lebo, kama haijaandika asilimia iache.

Kwa mtu mwenye kuku mia kadhaa kwenda juu, siki inakuwa ghali. Kuku wa mayai 100 kwa siku za kawaida wanakunywa kama lita 25, joto likipanda wanafika lita 35 au 40, sasa zidisha na idadi yako uone litaingia dumu gani. Hapo nenda duka la dawa za mifugo uulize mchanganyiko wa asidi za maji uliosajiliwa, mara nyingi dozi ni mililita 1 au pungufu kwa lita, fuata lebo lakini bado fanya kipimo cha ndoo maana lebo haijui kisima chako.

Fomiki kali, ile ya asilimia 85, ndio hiyohiyo wanayogandishia utomvu wa mpira mashambani, kwaiyo kuna mtu atakuja kukuuzia ya kwenye dumu lisilo na lebo. Usichukue. Inaunguza ngozi na macho, mvuke wake unaumiza kifua, na ya viwandani hujui kuna nini kingine humo. Na hili nasema kwa sauti, MAJI YA BETRI SIO ASIDI YA KUKU, wala dawa ya choo.

Ukishika asidi yoyote kali vaa glovu na miwani, na siku zote unamimina asidi kwenye maji, kamwe sio maji kwenye asidi.

Hatua ya 4: ratiba ya maji

Usiwape kila siku saa 24 mwaka mzima, haina haja na inakula hela. Wape pale penye hatari. Vifaranga wiki ya kwanza, maana tumbo lao bado halitoi asidi ya kutosha. Siku mbili kabla na tatu baada ya kubadilisha chakula kutoka stata (cha vifaranga) kwenda groa (cha kukuzia). Wakati wa mvua nyingi banda linapokuwa na unyevu. Kwa kuku wa mayai, siku tatu nne kwa wiki, asubuhi mpaka mchana, jioni maji ya kawaida.

Sasa mambo ya kuachana nayo:

Siku ya chanjo ya kwenye maji, asidi inasimama saa 24 mpaka 48 kabla na inarudi siku inayofuata. Chanjo hai inakufa kwenye asidi na inakufa kwenye klorini.

Siku za dawa pia simamisha. Dawa za salfa zinayeyuka kwenye maji yasiyo na asidi, ukikutanisha zinaganda chini ya chombo kama unga, kuku wa kwanza hapati kitu na wa mwisho anapata dozi ya watano. Uliza daktari wa mifugo kwa kila dawa.

Klorini ya kusafishia na asidi yoyote usizichanganye kwenye chombo kimoja, Jik na siki zikikutana zinatoa gesi ya kuua. Safisha mabomba kwa klorini, suuza, ndio uje na asidi.

Vyombo ni vya plastiki. Bati na debe vinaliwa na asidi, na zinki inaingia kwenye maji. Simtanki ni sawa, ila wanaotumia mabomba ya chuchu wajue asidi kidogo kidogo inalisha fangasi ndani ya bomba, unakuta ute mlaini umeziba, kwaiyo kila baada ya kundi suuza bomba zima kwa presha.

Hatua ya 5: asidi kwenye chakula, na habari ya chokaa

Kilo moja ya chokaa ina uwezo wa kumaliza kilo moja na robo hivi ya ndimu ya unga. Sasa chukua chakula cha kuku wa mayai, kwenye kilo 100 mtu ameweka chokaa kilo 8 au 9, halafu anaongeza ndimu nusu kilo. Hesabu mwenyewe nani atashinda.

Stata ya broila ni rahisi kidogo, kalsiamu inayotakiwa ni karibu asilimia 1, kwaiyo chokaa ni kilo moja na kitu tu kwa 100. Shida yetu chokaa ni rahisi kupatikana, mtu anajaza kilo tatu nne kwenye stata ili gunia liwe zito. Huyo anawaharibu vifaranga mara mbili, kalsiamu imezidi na tumbo limekosa asidi. Dagaa na soya nazo zinameza asidi, sio kama chokaa ila zinameza, mahindi ndio hayana neno. Ukinunua dagaa wenye mchanga mwingi na maganda jua unanunua chokaa nyingine humo.

Kwa kuku wa mayai nashauri hivi: kwenye chakula weka chokaa ya unga nusu ya kawaida, nusu nyingine wape pembeni kwenye kihori chake ikiwa ya chengachenga au magamba ya chaza na makome yaliyooshwa chumvi na kupondwa saizi ya punje ya mtama, wekea alasiri. Kuku anatengeneza gamba usiku, jioni ndio mwili wake unaitafuta kalsiamu na atajichotea mwenyewe. Ya chenga inayeyuka taratibu. Asubuhi asidi inafanya kazi yake bila kugombana. Ila jumla ya kalsiamu usiipunguze, utaona mayai laini ndani ya muda mfupi, angalia magamba kila siku mwanzoni.

Vipimo kwa kilo 100 za chakula: ndimu ya unga gramu 500, na hii pia inasaidia kufungua ile fosforasi iliyofungwa kwenye pumba. Butireti ya kuzungushiwa gramu 50 mpaka 100. Mchanganyiko wa dukani kwa kawaida gramu 200 mpaka 500, lebo iseme. Fomiki Ulaya wameweka mwisho gramu 10 kwa kilo ya chakula, we hufiki huko wala huhitaji.

Kuchanganya: ndimu isage iwe laini, changanya na kilo 2 za pumba, hizo changanya na kilo 10, halafu hizo 10 ndio zinaingia kwenye rundo zima na koleo. Ukimwaga nusu kilo juu ya rundo moja kwa moja kuna kuku watakula kali na wengine hawataonja. Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) iingie upande wake mapema, asidi iwe ya mwisho, usizikutanishe zikiwa tupu tupu maana vitamini zinaharibika.

Hatua ya 6: ukungu

Pwani unyevu hauishi, mahindi yakikaa ghalani Ngamiani wiki chache wakati wa masika yanaanza kunuka. Propioniki ndio mwenyewe kwa ukungu, na chumvi yake kalsiamu propioneti ni unga usiounguza, waoka mikate wanaitumia kwaiyo ulizia wanaouza vifaa vya bekari. Gramu 200 mpaka 300 kwa kilo 100 za chakula au mahindi.

Lakini inazuia ukungu mpya tu. Sumukuvu iliyokwisha ingia haitoki kwa asidi, wala kwa kuchachusha, wala kwa jua. Mahindi yenye ukungu ni ya kutupa na sio ya kuku. Kabla ya kununua, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi kiganja kimoja na chumvi kavu kijiko, tikisa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kioo unyevu bado umezidi asilimia 15, anika tena. Machicha ya nazi ni hivyohivyo, mazuri yakiwa mapya na mafuta yake yana asidi ya lauriki ambayo klostridia hawaipendi, ila yakikaa siku mbili bila kukauka ni ukungu mtupu.

Hatua ya 7: kuchachusha chakula, kwa asiye na hela ya asidi

Hii naipenda kuliko zote kwa mfugaji wa kuku 50 mpaka 200. Badala ya kununua asidi ya laktiki unawaacha bakteria wa mtindi wakutengenezee.

Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Mahindi yaliyobarazwa, pumba na soya iliyokaangwa kilo 5, maji lita 5 mpaka 6, iwe uji mzito. Kama ni ya bomba yaache wazi usiku mzima klorini iondoke. Weka mtindi usio na sukari nusu kikombe, koroga, kandamiza kusiwe na mifuko ya hewa, funika lakini sio kukaza maana gesi inatoka. Kwa joto letu saa 24 mpaka 48 imeiva. Inanuka togwa. pH iwe chini ya 4.5, ikigoma kushuka baada ya siku mbili au ikinuka kuoza, mwaga. Bakiza kikombe kikubwa cha kianzio cha ndoo inayofuata.

Chokaa, premiksi, na laisini ya unga (kirutubisho cha protini) usiweke kwenye ndoo. Chokaa inazuia pH isishuke, na bakteria wa siku ya kwanza wanaila laisini uliyonunua kwa bei. Hivyo vyote changanya wakati wa kulisha. Anza na theluthi ya chakula, wakizoea panda mpaka nusu. Weka cha kuisha ndani ya saa nne, kilichobaki toa, osha kihori. Ukiacha mpaka kesho umewapikia sumu.

Hatua ya 8: kujitoa kwenye antibayotiki

Usibadilishe banda zima kwa mkupuo. Gawanya kundi moja katikati kwa wavu, vifaranga walewale, chakula kilekile, upande mmoja asidi na mwingine bila. Kila wiki kamata kuku 15 bila kuchagua kila upande, pima uzito, andika chakula kilicholiwa, waliokufa, na hali ya kinyesi. Mwisho gawa chakula kilicholiwa kwa uzito wa kuku, kwa broila wa wiki tano jibu likiwa kati ya 1.6 na 1.8 uko pazuri. Gharama ya asidi igawe kwa kilo za nyama. Hapo ndio utajua kwako inalipa au hailipi, na kuna mabanda masafi sana ambayo tofauti ni ndogo mno, huyo mtu abaki na usafi wake asinunue kitu.

Ukiona vifo vinapanda ghafla, kinyesi cheupe kinachoganda, damu, au kuku wamejikunyata, usiongeze asidi. Peleka mizoga ya leo, sio ya jana, kwa daktari wa mifugo au maabara ya TVLA, hata walimu wa chuo cha mifugo Buhuri wanaweza kukuelekeza. Wakisema ni bakteria wapewe dawa, wape dozi kamili siku zote zilizoandikwa.

Hatua ya 9: siku ya kuchinja

Broila wakinyimwa chakula saa 8 mpaka 10 kabla ya kuchinjwa wanaanza kudonoa maranda, na gole linajaa salmonela. Hapo asidi kwenye maji ina kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote: siki ya asilimia 5 lita moja kwa maji lita 9, wakati wote wa kufunga chakula, vyombo vikiwa vingi ili wasigombee. Watakunywa kidogo kuliko kawaida, ndio maana ni kwa saa hizo tu na sio siku nzima za joto. Wakati wa kuchinja gole lisipasuke.

Na kama kundi lilipewa dawa, hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, kwa nyama zake na kwa mayai zake, maana asidi haifuti mabaki ya dawa kwenye yai. Mayai ya siku hizo hayaendi sokoni, wala hayaendi kwa jirani.